Meno Yaliyogeuka Mawe: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuokota, Kununua au Kuuza

SOMO LA TOLEO HILI: TURATHI ZETU

Chukulia kwamba fundi anachimba shimo la choo katika ploti moja Kabiria. Akifika futi ya sita, sururu inagonga kitu kigumu, cheusi, chenye ncha. Anakipangusa na kuwaonyesha wenzake. Mmoja anasema ni jino la mamba. Wa pili anasema ni jino la joka la baharini la enzi za kale, na kwamba aliona kwenye simu wazungu wakinunua kitu kama hicho kwa maelfu ya pesa. Wa tatu anashauri kitiwe mfukoni kabla mwenye ploti hajafika. Kufikia jioni kitu hicho kiko mkononi mwa dalali, na hakuna tena anayekumbuka kilitoka shimo gani.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini maamuzi yaliyomo hufanywa kweli, na kila moja lina gharama yake. Somo hili linaeleza meno ya kale ni nini, hasa yale ya reptilia wakubwa walioishi baharini, kama yanaweza kupatikana Kabiria, wataalamu huyakusanyaje, sheria inasema nini, na mkazi afanye nini akikutana nayo.

1. KISUKUKU NI NINI, NA KWA NINI MENO?

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa ndani ya mwamba au mashapo. Inaweza kuwa mfupa, jino, gamba la konokono, jani au hata unyayo uliokauka kwenye tope.

Wanyama wengi wakifa hawaachi chochote. Fisi na tai hula nyama, jua na mvua huvunja mifupa. Mabaki hubaki tu iwapo yatafunikwa upesi na tope, mchanga au majivu ya volkano. Kisha maji yenye madini hupenya polepole na kujaza vitundu vyote vidogo. Baada ya muda mrefu sana mfupa huwa mzito kama jiwe, ingawa umbo lake halijabadilika.

Meno hudumu kuliko sehemu nyingine zote za mwili kwa sababu ya enameli, ule utando mweupe wa nje. Enameli ni madini kwa zaidi ya asilimia 90, na ndicho kitu kigumu zaidi katika mwili wa mnyama. Ndiyo sababu wanyama wengi wa kale wanajulikana kwa meno na vipande vya taya peke yake.

Reptilia wana sababu nyingine ya kuacha meno mengi. Binadamu huota meno mara mbili tu: ya utotoni na ya ukubwani. Mamba hubadilisha meno maisha yake yote. Jino likichakaa hung'oka, na jingine huwa tayari limeota chini yake. Mamba mmoja huweza kuangusha maelfu ya meno kabla hajafa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pia kwa reptilia wa baharini wa kale, na ndiyo maana meno yao yamejaa katika miamba ya baadhi ya nchi.

2. REPTILIA WA BAHARINI WALIKUWA AKINA NANI?

Kati ya miaka takriban milioni 250 na milioni 66 iliyopita, bahari za dunia zilitawaliwa na reptilia waliovuta hewa kwa mapafu lakini wakaishi majini. Hawakuwa dinosau, ingawa waliishi wakati mmoja nao. Makundi matatu ndiyo yanayojulikana zaidi:

- Ikthiosauro. Umbo lake lilifanana na pomboo. Meno yake yalikuwa mengi, yenye umbo la pia na michirizi ya kwenda juu, yakiwa yamepangwa ndani ya mfereji mmoja wa taya.
- Plesiosauro. Alikuwa na mapezi manne, na baadhi yao walikuwa na shingo ndefu ajabu. Meno yake yalikuwa marefu, membamba, yaliyopinda, yanayofaa kunasa samaki.
- Mosasauro. Huyu ni wa jamii moja na kenge na nyoka. Wengine walifika urefu wa mita zaidi ya 10. Meno yake yalikuwa manene, yenye ncha na kingo mbili kali. Kundi dogo la mosasauro lilikuwa na meno ya mviringo kama gololi ya kuvunjia makombe.

Mosasauro walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, wakati ule ule dinosau wakubwa walipokufa.

Waliowavumbua wanyama hawa wa kwanza hawakuwa maprofesa. Mosasauro alipatikana katika karne ya 18 na wachimba mawe karibu na mji wa Maastricht, Uholanzi. Ikthiosauro wa Lyme Regis, Uingereza, alifukuliwa mwaka 1811 na 1812 na watoto wa seremala maskini: Joseph Anning aliona fuvu, na dada yake Mary, msichana wa umri wa takriban miaka 12, akapata sehemu iliyobaki. Mary Anning aliendelea kutafuta visukuku ili apate riziki, na leo anahesabiwa miongoni mwa walioweka msingi wa elimu hii.

3. JE, MENO HAYO YANAWEZA KUPATIKANA KABIRIA?

Jibu la wazi ni hapana, na sababu iko chini ya miguu yetu.

Miamba ya Nairobi na viunga vyake vya magharibi, kuanzia Kawangware na Riruta hadi Kabiria, Waithaka na Dagoretti, ni ya volkano. Ilitokana na zaha na majivu yaliyomwagika wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likiumbika. Mawe ya kujengea yanayochongwa katika machimbo ya viunga vya Nairobi mengi ni majivu ya volkano yaliyoshikamana. Udongo mwekundu tunaolima sukuma wiki umetokana na miamba hiyo hiyo kuoza.

Miamba hii ya juu haizidi umri wa miaka milioni 15 hivi. Mosasauro wa mwisho alikufa miaka milioni 66 iliyopita. Kumtafuta ndani ya majivu yaliyoanguka makumi ya mamilioni ya miaka baada ya kifo chake ni kama kutafuta jina la babu wa babu yako kwenye sajili ya watoto waliozaliwa mwaka jana. Isitoshe, hapa palikuwa nchi kavu. Hapakuwa na bahari ya kuacha mashapo yake.

Basi kile kilichogongwa na sururu ni nini? Mara nyingi huwa mojawapo ya vitu hivi:

- Jino la ng'ombe, mbuzi, nguruwe au mbwa aliyezikwa au kutupwa miaka michache iliyopita. Jino la ng'ombe ni refu, na uso wake wa kutafunia una mikunjo mikunjo. Likikaa kwenye udongo wenye unyevu hugeuka kahawia au jeusi, likadhaniwa ni la kale.
- Jiwe lenye umbo la kudanganya.
- Kipande cha obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo chimbuko lake ni maeneo ya Bonde la Ufa kama Naivasha. Likiwa na makali yaliyochongwa, huenda ni zana ya watu wa kale. Hilo si jino, lakini lina thamani kwa elimu na linalindwa na sheria hiyo hiyo.

4. BAHARI YA KALE ILIKUWA WAPI KATIKA KENYA?

Aliye na hamu ya bahari ya kale lazima aelekee Pwani. Kuanzia Mombasa na Miritini hadi nyuma kidogo kuelekea Kambe kuna miamba ya mashapo ya kipindi cha Jura, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 145, iliyolazwa chini ya maji ya bahari. Humo hupatikana amonaiti, wanyama wa jamii ya pweza waliokuwa na gamba lililojizungusha kama pembe ya kondoo dume. Wataalamu wamekuwa wakizieleza amonaiti za Mombasa tangu karne ya 19.

Kwa jirani zetu, karibu na Tanga, Tanzania, kulipatikana reptilia mdogo wa kale aliyepewa jina la Tangasaurus mwaka 1924. Mkia wake ulikuwa bapa, umbo linalofaa kuogelea.

Kaskazini, Turkana ndiyo ghala kuu la visukuku nchini. Katika safu ya Lapurr kumepatikana mabaki ya dinosau. Kandokando ya ziwa, meno ya mamba ni miongoni mwa vitu vya kawaida vinavyookotwa. Baadhi ni ya Euthecodon, mamba wa kale mwenye pua ndefu nyembamba. Mwingine aliyetajwa rasmi mwaka 2012, Crocodylus thorbjarnarsoni, alikadiriwa kufika urefu wa zaidi ya mita 7. Binadamu wa kwanza waliochota maji Turkana walichota mbele ya mnyama huyo.

5. NYANGUMI WA TURKANA: SOMO LA KUPOTEZA NA KUPATA

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu mnyama wa baharini katika Kenya kilianza mwaka 1964. Mtafiti Mmarekani, James Mead, alikuwa Loperot, Turkana, mahali pa jua kali na changarawe. Alichopata pale kilikuwa fuvu la nyangumi.

Kutoka Loperot hadi Bahari Hindi ni kilomita takriban 740. Nyangumi alifikaje? Maelezo ya wataalamu ni kwamba alipotea njia, akaingia kwenye mdomo wa mto mkubwa na kuogelea kwenda bara hadi akafa. Ili aweze kufanya hivyo, nchi yote kati ya pwani na Turkana lazima iwe ilikuwa tambarare, chini, na yenye maji mengi. Leo mahali pale pako takriban mita 620 juu ya usawa wa bahari. Hakuna nyangumi anayeweza kupanda mlima. Maana yake ni kwamba ardhi ndiyo iliyopanda.

Fuvu hilo lilipelekwa Marekani kuchunguzwa, na maelezo yake yakachapishwa mwaka 1975. Kisha likapotea. Kwa miaka mingi wataalamu waliolihitaji hawakujua liko wapi. Lilikuja kuonekana tena mwaka 2011, likiwa limehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 2015 timu ya watafiti ilichapisha umri wake: miaka milioni 17. Kwa fuvu hilo moja waliweza kusema kwamba kuinuka kwa nchi ya Afrika Mashariki kulianza baada ya nyangumi yule kufa. Kuinuka huko ndiko kulikobadilisha mvua, kukapunguza misitu na kupanua mbuga ambamo mababu wa binadamu waliishi.

Mkazi azingatie jambo moja. Kilicholipa fuvu lile thamani ni kwamba mahali lilipotoka palijulikana. Kama lingekuwa limeokotwa na kuuzwa bila maandishi, lingekuwa fuvu la nyangumi tu, na mafuvu ya nyangumi yako mengi duniani. Neno "Loperot" lililoandikwa pembeni yake ndilo lililoeleza historia ya nchi nzima.

6. SIMBAKUBWA: JINO LILILOKUWA KWENYE DROO NAIROBI

Kisa cha pili kilitokea karibu zaidi na Kabiria, katika Makumbusho ya Kitaifa, Museum Hill.

Kati ya mwaka 1978 na 1980, wachimbaji walikusanya visukuku pale Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya. Baadhi ya vipande vya taya na meno makubwa viliwekwa kwenye droo. Miongo ikapita. Kisha mtafiti Matthew Borths, aliyekuwa akichunguza mikusanyo ya makumbusho hayo, akafungua droo na kuona meno ambayo hayakufanana na ya mnyama aliyejulikana. Yeye na mwenzake Nancy Stevens walimtangaza mnyama huyo mwaka 2019, wakampa jina la Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika.

Jina linadanganya kidogo, maana hakuwa simba. Alikuwa wa kundi la wala nyama wa kale ambalo limetoweka kabisa. Aliishi miaka takriban milioni 22 iliyopita, na alikuwa mkubwa kuliko simba yeyote wa leo. Yote haya yalijulikana kwa sababu ya taya, meno na mifupa michache iliyowekwa mahali pamoja, ikiwa na nambari na kumbukumbu zake, kwa karibu miaka 40.

Kama meno yale yangekuwa mfukoni mwa mtu au kwenye kabati la sebule ng'ambo, Simbakubwa asingekuwepo vitabuni.

7. WATAALAMU HUKUSANYAJE?

Wengi hudhani kazi hii ni kuchimba. Sehemu kubwa ni kutembea. Kikundi hupanga mstari na kupita juu ya ardhi iliyomomonyolewa na mvua, macho chini, kwa mwendo wa kobe. Mvua ndiyo mchimbaji mkuu. Kila msimu huosha udongo na kufunua kipya.

Bingwa wa kazi hii alikuwa Mkenya, Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani. Masomo yake ya darasani yaliishia shule ya msingi, lakini jicho lake liliheshimiwa dunia nzima. Agosti 1984, pale Nariokotome, Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu kilichofanana rangi na mawe yaliyokizunguka. Kipande hicho kiliongoza hadi kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi miaka takriban milioni 1.5 iliyopita, maarufu kama Mvulana wa Turkana, ambaye mifupa yake imehifadhiwa Nairobi. Mzee Kimeu aliaga dunia mwaka 2022. Nyani wawili wa kale wamepewa majina yanayomkumbuka.

Hatua zinazofuatwa na wataalamu ni hizi:

a) Kuona bila kugusa. Kisukuku hupigwa picha kikiwa pale pale, pamoja na kitu cha kupimia ukubwa.
b) Kuandika mahali. Vipimo vya setilaiti huchukuliwa, na tabaka la mwamba huelezwa: rangi, unene, kilichoko juu na chini yake. Majivu ya volkano yaliyo juu au chini ya kisukuku ndiyo yanayotumika kupima umri.
c) Kukiimarisha. Kisukuku dhaifu hupakwa gundi maalumu inayoweza kuondolewa baadaye. Kikubwa hufungwa kwa gunia na plasta, kama mguu uliovunjika.
d) Kuchekecha. Udongo wa karibu hupitishwa kwenye chekecheke ili meno madogo yasipotee. Meno ya panya hueleza hali ya hewa ya kale kuliko hata ya tembo.
e) Kukipa nambari. Kila kipande huandikwa nambari na kuingizwa kwenye rejista. Bila nambari, kazi yote ya awali ni bure.

Baada ya hapo maabara huanza. Kemikali zilizo ndani ya enameli huonyesha kama mnyama alikula nyasi au majani ya miti. Mikwaruzo midogo juu ya jino huonyesha chakula cha siku zake za mwisho.

8. SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inahusu kila mtu aliye Kenya, mwenyeji na mgeni. Kwa ufupi:

- Visukuku na vitu vya kale vinavyovumbuliwa nchini ni mali ya Serikali kwa niaba ya wananchi, hata vikipatikana kwenye shamba la mtu binafsi.
- Hairuhusiwi kutafuta au kuchimba visukuku bila leseni ya utafiti.
- Anayevumbua kitu cha aina hiyo kwa bahati anapaswa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku saba, akieleza mahali hasa na jinsi kilivyopatikana.
- Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Wengine huuliza kwa nini mwenye ploti asimiliki kilicho ndani ya ploti yake. Jibu linapatikana Tendaguru, karibu na Lindi, Tanzania. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani, mamia ya wenyeji walichimba mifupa ya dinosau na kuibeba mabegani siku kadhaa hadi bandarini, chini ya usimamizi wa watu kama Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa hadi Berlin, ambako mjusi mkubwa bado amesimama katika ukumbi wa makumbusho. Vizazi vya wabebaji wale wakitaka kumwona wanahitaji viza na tikiti ya ndege. Sheria ya sasa ipo ili mtoto wa Kabiria ahitaji nauli ya matatu tu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka makumbusho na maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, huku turathi za umuhimu wa kitaifa zikibaki chini ya Serikali Kuu. Kwa hivyo mkazi anayelinda kisukuku anasaidia ngazi zote mbili.

9. TAHADHARI KWA WANUNUZI

Meno halisi ya mosasauro yapo sokoni duniani, na mengi hutoka Moroko, katika migodi ya fosfeti ya eneo la Khouribga. Yanapatikana kwa wingi kiasi kwamba jino la kawaida si hazina ya kumtajirisha mtu. Anayemwambia mkazi wa Nairobi kwamba jino moja litamnunulia ploti anamdanganya.

Ujanja unaojulikana katika biashara hii ni wa namna tatu. Kwanza, jino bandia kabisa, lililomiminwa kwa plastiki au resini. Pili, jino halisi lililogundishwa kwenye taya ya kubuni iliyotengenezwa kwa mchanga na gundi. Tatu, meno ya wanyama tofauti yaliyopangwa pamoja kama ya mnyama mmoja.

Dalili za kuangalia kwa kioo cha kukuzia ni hizi: vitundu vya hewa huonyesha kitu kilimiminwa, mshono wa mstari mmoja kuzunguka jino huonyesha kalibu, rangi iliyo sawa kila mahali, isiyo na nyufa ndogo za enameli, si ya kawaida, na mchanga unaozunguka jino ukiwa laini na wenye gundi inayong'aa, huenda umebandikwa. Muuzaji aulizwe swali moja: limetoka wapi, na karatasi za kulitoa nchini humo ziko wapi? Akibabaika, mnunuzi aondoke.

Na ikiwa jino linasemekana limetoka Turkana, Pwani au popote Kenya, kulinunua si bahati nzuri. Ni kushiriki kosa.

10. UKIKUTANA NA KITU, FANYA HIVI

1. Simamisha kazi mahali hapo. Shimo linaweza kuendelea upande mwingine.
2. Usikivute, usikioshe, usikipake mafuta na usikichome moto ili kukijaribu.
3. Kipige picha ukiweka sarafu au rula kando yake. Piga picha nyingine ya shimo lote.
4. Andika tarehe, mahali, kina cha shimo na jina la aliyekiona.
5. Ikiwa inaonekana ni mifupa ya binadamu, piga ripoti kituo cha polisi kilicho karibu kwanza. Hilo si suala la kukisia.
6. Kwa vitu vingine, mjulishe mwenye ploti na chifu, kisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pale Museum Hill. Usisubiri siku ya saba.
7. Usiweke mahali penyewe hadharani mitandaoni. Watafuta hazina husoma pia.

Kitu kikionekana kuwa jino la ng'ombe, hakuna aliyepoteza. Mtaalamu huchukua dakika chache kukitambua. Kikionekana kuwa kingine, jina la aliyekivumbua huandikwa pamoja na kumbukumbu zake.

11. KWA VIJANA WANAOPENDA KUKUSANYA

Hamu ya kukusanya ni nzuri na haina haja ya kuvunja sheria. Mambo yafuatayo yanaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa Kabiria:

Mkusanyo wa meno ya leo. Muulize mwenye bucha au wachinjaji wa Dagoretti wakupe meno na taya za ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mzazi au mwalimu akusaidie kuyachemsha na kuyasafisha, ukivaa glovu. Yapange, uyape nambari na uandike kila moja limetoka wapi na lini. Linganisha jino la mla nyasi na la mbwa. Hii ndiyo kazi ileile inayofanywa na wataalamu, na mtaalamu wa visukuku asiyejua meno ya leo hawezi kutambua ya kale.

Ziara ya Makumbusho ya Kitaifa. Kutoka Kabiria ni matatu ya kwenda mjini, kisha mwendo mfupi hadi Museum Hill. Nenda na daftari. Chora meno matatu na uandike chini yake unafikiri mnyama alikula nini.

Ziara ya Olorgesailie. Iko kilomita takriban 70 kutoka jijini, kwenye barabara ya Magadi. Shoka za mawe za watu wa kale zimeachwa pale pale zilipolala, zikitazamwa kutoka kwenye daraja la mbao. Hakuna aliyezibeba, na ndiyo sababu bado tunaweza kuzisoma.

MASWALI YA MAREJEO

1. Kwa nini meno hudumu kuliko sehemu nyingine za mwili?
2. Taja sababu mbili zinazofanya jino la mosasauro lisipatikane katika udongo wa Kabiria.
3. Fuvu la nyangumi wa Loperot lingekuwa na thamani gani kama mahali lilipotoka pasingeandikwa?
4. Aliyevumbua kisukuku kwa bahati anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku ngapi, na kwa nani?
5. Rudia mfano wa fundi mwanzoni mwa somo. Ni katika hatua gani elimu ilipotea: kitu kilipotoka ardhini, kilipotiwa mfukoni, au kilipofika kwa dalali?

Swali la tano lijadiliwe nyumbani, hasa pale ambapo kuna fundi, mwenye ploti na mwanafunzi chini ya paa moja. Kila mmoja wao anaweza kuwa wa kwanza kuona, na kila mmoja ana uwezo wa kuzuia mkono usiende mfukoni.